Bwawa la kuogelea na jakuzi nyumbani Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba wa Tabora mjini na viunga vyake, kuanzia Isevya na Ipuli hadi Kiloleni na Tumbi, anayefikiria kujenga bwawa la kuogelea uani kwake. Ili hesabu zifuatane vizuri, nimetumia mfano wa bwawa moja katika majibu yote: urefu wa mita 8, upana wa mita 4, kina cha mita 1.1 upande mmoja na mita 1.7 upande wa pili, yaani wastani wa mita 1.4 na ujazo wa karibu lita 45,000. Pembeni yake ipo jakuzi ya lita 2,000. Ninaanza na maji kabla ya shimo, kwa kuwa shimo huchimbwa mara moja, ilhali maji yatatafutwa kila mwezi kwa muda wote ambao bwawa litakuwapo.

Maji ya kujaza bwawa yatatoka wapi?

Bomba la nyumbani linalotoa lita 15 kwa dakika litajaza lita 45,000 kwa saa 50, ikiwa halitakatika hata kidogo. Ukitumia boza la lita 10,000, utahitaji safari tano, ya mwisho ikiwa nusu. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora na kuongezea yale ya bwawa la Igombe, kazi hii imewezekana kwa namna ambayo wenyeji waliozoea kuamka alfajiri kusubiri mgao hawakuitarajia. Hata hivyo, fika kwanza ofisi za TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, uulize ratiba ya mtaa wako, kisha ujaze usiku, wakati majirani hawachoti. Bomba la mtaa ni la wote, na koki moja iliyoachwa wazi mchana kutwa huwashushia wengine presha.

Kiasi cha kujaza siku ya kwanza kila mtu hukiuliza. Kinachosahaulika ni maji yanayopaa. Katika kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Oktoba, jua ni kali, hewa ni kavu na upepo hauishi, hivyo bwawa lililo wazi linaweza kupoteza takribani milimita 6 za maji kwa siku. Kwa bwawa la mfano wetu lenye uso wa mita za mraba 32, hizo ni lita 192 kila siku, sawa na lita 5,800 kwa mwezi, na karibu lita 35,000 katika miezi sita ya ukame. Kwa maneno mengine, kiangazi kimoja hudai zaidi ya robo tatu ya bwawa zima. Anayenunua turubai maalumu la kufunika bwawa wakati halitumiki hupunguza sana deni hilo, na kwa maoni yangu turubai hilo liingizwe kwenye bajeti kabla ya taa za rangi na vigae vya urembo.

Je, naweza kutumia maji ya mvua?

Ndiyo, na ningependa kila mjenzi wa Tabora alifikirie jambo hili kabla ya kuchora mchoro. Mji wetu hupata karibu milimita 900 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Aprili. Paa la bati la mita za mraba 150, ukitoa maji yanayopotea kwenye mifereji na yale ya mvua za kwanza zinazoosha vumbi, huweza kukusanya zaidi ya lita 100,000 kwa msimu. Hizo ni mara mbili ya ujazo wa bwawa letu.

Tatizo ni kwamba mvua huja wakati ambapo bwawa halina kiu. Wakati wa masika bwawa hujaa lenyewe na kufurika, kisha kiangazi huanza na paa likawa kavu. Kwa hiyo faida ya maji ya paa inategemea matangi. Ukifunika bwawa vizuri kiasi cha kupunguza upotevu kwa nusu, utahitaji takribani lita 17,000 kwa kiangazi chote, na simtanki mbili za lita 10,000 zilizojazwa kufikia mwezi wa nne zitakutosha. Nyumba iliyopangwa hivyo haishindani na ndoo za majirani katika mwezi wa tisa, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika mji ambao watu wake wanajua shida ya maji.

Kisima changu kina maji mengi. Kuna ubaya gani kuyatumia?

Hakuna ubaya, ila yapimwe kwanza maabara. Maji ya kisima yenye madini ya chuma huonekana meupe kwenye ndoo, lakini yakitiwa klorini hugeuka kahawia na kuacha madoa kwenye vigae. Maji yenye chokaa nyingi huacha ukoko kwenye hita ya jakuzi. Kwa mwenye nia ya kuchimba kisima kirefu kipya, kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde husika, na sehemu kubwa ya eneo letu iko katika Bonde la Ziwa Tanganyika.

Nitajuaje kama udongo wa kiwanja changu unafaa?

Chimba mashimo mawili ya majaribio yenye kina cha mita 2.5, moja kila upande wa mahali unapotaka kujenga, na uyaangalie mara mbili: mwishoni mwa kiangazi na katikati ya masika. Sehemu za juu za Tabora zina udongo wa kichanga ambao huchimbika kirahisi na kupitisha maji. Sehemu za bondeni zina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa ukame na kuvimba ukinyeshewa. Udongo huo husukuma kuta za bwawa masika na kuziacha bila egemeo kiangazi, mwaka baada ya mwaka, mpaka zege linapasuka.

Kama umekuta udongo wa mbuga na huna mahali pengine, mhandisi anaweza kukushauri kuuondoa, kujaza kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka na kuongeza nondo. Gharama itapanda, na binafsi ningemshauri mwenye kiwanja cha namna hiyo ajenge bwawa dogo zaidi lililoinuliwa nusu juu ya ardhi. Pia angalia kama maji hujitokeza shimoni wakati wa masika. Yakijitokeza juu ya kiwango cha sakafu ya bwawa lako, soma kwa makini jibu la swali la kumwaga maji hapa chini.

Bwawa liwekwe umbali gani kutoka mwembe?

Mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Mimi sikubali chini ya mita 5. Miembe ya Tabora ni mikubwa na ya zamani, mizizi yake huandama unyevu, na majani yake yanayodondoka huziba chujio na kula klorini. Sishauri kuukata. Kivuli cha mwembe ndiko watu watakakoketi baada ya kuogelea, basi bwawa ndilo lisogezwe. Likae pia mbali na shimo la maji taka, na upande wa juu wa mteremko kuliko shimo hilo.

Vibali gani vinahitajika?

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya manispaa, nawe utapeleka uthibitisho wa umiliki wa kiwanja pamoja na michoro. Mchoro wa nondo na zege uandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa. Anza mapema, mwezi wa pili au wa tatu, ili kibali kisikukute masika mengine yameanza.

Ujenzi uanze mwezi gani?

Mei. Ardhi bado ina unyevu wa kuchimbika, mvua zimekoma, na mbele yako kuna miezi mitano mikavu. Kuchimba kuishe Mei, zege limwagwe Juni au Julai, plasta na vigae viwekwe Agosti na Septemba, na mitambo ijaribiwe Oktoba. Shimo lililobaki wazi hadi Novemba hubomoka kingo, na kusubiri kwenye tope hugharimu kuliko mafundi.

Fundi wangu amejenga nyumba nyingi nzuri kwa matofali ya kuchoma. Je, anaweza kujenga bwawa?

Anaweza kufanya sehemu ya kazi, chini ya usimamizi wa mtu anayejua majengo ya kuhifadhi maji. Ukuta wa nyumba hubeba uzito unaotoka juu, lakini ukuta wa bwawa husukumwa kwa ubavu, na maji likiwa limejaa, na udongo likiwa tupu. Tofali la kuchoma hunyonya maji na halina nguvu ya kuhimili msukumo huo. Bwawa linalodumu ni sanduku moja la zege na nondo, sakafu na kuta zikiwa zimeshikana.

Kwa bwawa la mfano wetu, sakafu na kuta za unene wa sentimita 20 zitahitaji takribani mita za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, hiyo ni kama mifuko 120 ya saruji ya kilo 50. Nondo za milimita 12 hufungwa kwa nafasi ya takribani sentimita 20 kila upande, isipokuwa mhandisi ameelekeza vinginevyo, na huinuliwa kwa vipande vya zege ili zisiguse udongo. Nondo inayogusa udongo hupata kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutokea ndani. Mabomba yote yanayopita ukutani yawekwe kabla ya kumwaga zege, kwa sababu tundu linalotobolewa baadaye ndilo huanza kuvuja. Sakafu imwagwe siku moja bila kukatisha. Mahali ambapo sakafu hukutana na ukuta huwekwa utepe maalumu wa kuzuia maji kupenya kwenye maungio.

Baada ya hapo huja kazi ambayo wengi huiona ndogo, nayo ni kumwagilia. Zege la Juni la Tabora, likipigwa na upepo mkavu, hupoteza maji kabla halijakomaa. Lifunikwe kwa magunia mabichi na kumwagiliwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku zisizopungua 7. Nimeona zege zuri likiharibika kwa sababu kijana wa kumwagilia alipewa ruhusa ya Jumapili. Nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28, na kabla ya kuweka vigae, bwawa lijazwe maji na kuachwa kwa siku kadhaa ili uvujaji wowote uonekane wakati bado unazibika.

Je, kina cha mita 1.7 kinatosha? Watoto wangu wanataka kuruka kichwa.

Kinatosha kwa kuogelea, wala hakifai kwa kuruka kichwa. Bwawa la kuruka kichwa linahitaji kina kikubwa zaidi na eneo refu la kina hicho, na anayegonga kichwa sakafuni anaweza kuvunjika shingo. Kila nusu mita ya kina unayoongeza huongeza pia lita 16,000 za maji. Bwawa la nyumbani lenye kina cha kusimama ndilo ambalo familia hulitumia kweli.

Pampu na chujio vichaguliwe vipi, na umeme utakuwa kiasi gani?

Maji yote ya bwawa yanapaswa kupita kwenye chujio mara moja ndani ya saa 6 hadi 8. Lita 45,000 zikigawanywa kwa saa 6 hutoa lita 7,500 kwa saa, na pampu ya nguvu farasi 1 huitosha kazi hiyo. Pampu ya namna hiyo hutumia takribani kilowati 1, yaani uniti 8 kwa siku ikifanya kazi saa 8, na uniti 240 kwa mwezi. Nyumba iliyo katika kundi la D1 la TANESCO, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, itatoka katika kundi hilo, na bei ya umeme wa nyumba nzima itabadilika. Jambo hilo huwashangaza wengi mwezi wa kwanza. Kwa jua la Tabora, paneli za sola zinazoendesha pampu mchana ni matumizi mazuri ya fedha, maana pampu haihitaji kufanya kazi usiku.

Chujio la mchanga ndilo rahisi kutunza hapa. Mchanga wake uwe wa silika uliochekechwa, wenye punje za milimita 0.5 hadi 1. Mchanga wa mtoni una udongo na punje zisizolingana, nao utaziba au kupita hadi bwawani. Kipimo cha presha kikipanda kwa PSI 8 hadi 10 juu ya kiwango cha chujio safi, chujio huoshwa kwa kurudisha maji kinyume. Maji hayo machafu yasielekezwe kwa jirani wala kwenye shimo la maji taka. Yaache kwenye tangi siku chache mpaka klorini iishe, kisha umwagilie miti.

Umeme wote wa bwawa upite kwenye swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja kwa miliampia 30. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na vyuma vyote vilivyo karibu na maji, pamoja na nondo za zege, viunganishwe na waya wa ethi. Hapa sina neno la kupunguza makali: kama fedha haitoshi kwa kazi hii, taa zisiwekwe kabisa.

Jakuzi iunganishwe na bwawa au ijitegemee?

Ijitegemee kwa pampu, chujio na hita yake, hata kama imekaa ukingoni mwa bwawa. Maji ya joto yenye watu wanne ndani ya lita 2,000 huchafuka haraka mno kuliko lita 45,000 za maji ya kawaida. Klorini yake iwe miligramu 3 hadi 5 kwa lita, ipimwe kila mara kabla ya kutumika, na maji yote yabadilishwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi ikitumika sana. Maji ya joto yasiyo na dawa hukuza bakteria wa lejionela, ambao huvutwa pamoja na mvuke na kusababisha homa kali ya mapafu.

Joto la jakuzi lisizidi nyuzi 40. Nyuzi 37 au 38 huwafaa watu wengi, kwa dakika zisizozidi 15. Wajawazito, wenye shinikizo la damu na wagonjwa wa moyo wamuulize daktari kwanza. Watoto wadogo na mtu aliyekunywa pombe wasiingie. Kuhusu gharama, kupasha lita 2,000 kutoka nyuzi 22 za asubuhi ya Julai hadi nyuzi 38 hutumia takribani uniti 37 za umeme, ambayo ni nusu ya uniti za D1 za mwezi mzima kwa jioni moja. Ndiyo maana hita ya sola juu ya paa ni karibu ya lazima, pamoja na kifuniko kinene kinachozuia joto lisipotee.

Dawa gani hutumika, na kwa vipimo gani?

Kwa bwawa, klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kuipandisha klorini kwa miligramu 2 katika lita 45,000 kunahitaji gramu 90 za klorini halisi, sawa na takribani gramu 140 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Itiwe jioni, kwa sababu jua huiangamiza, na pampu ikiwa inafanya kazi. Vipimo vifanyike walau mara mbili kwa wiki, na kila siku wageni wanapokuwa wengi.

Unga hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Klorini isichanganywe na asidi wala na klorini ya aina nyingine, hata kwa kutumia kijiko kimoja, kwa maana hutoa gesi ya sumu au kuwaka moto. Iwekwe stoo kavu yenye hewa na kufuli.

Tuna ukuta wa matofali kuzunguka kiwanja. Je, bado tunahitaji uzio wa bwawa?

Ndiyo. Ukuta wa kiwanja humzuia mpita njia, lakini mtoto anayekufa maji nyumbani mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo au mgeni wake, naye yuko ndani ya ukuta tayari. Bwawa liwe na uzio wake pande zote nne, wa urefu usiopungua mita 1.2, usio na vishikio vya kupandia, na geti linalojifunga lenyewe. Mlango wa jikoni usifunguke moja kwa moja kwenye bwawa. Mtoto anayezama hapigi kelele. Huzama kimya katika dakika chache, huku watu wazima wakiongea meza ya jirani. Achaguliwe mtu mzima mmoja wa kutazama maji tu, asiyeshika simu, na zamu yake ijulikane.

Matundu ya chini ya kunyonyea maji yawe mawili, yakitengana angalau sentimita 90, kila moja likiwa na kifuniko kilichofungwa kwa skurubu. Tundu moja lisilo na kifuniko linaweza kumnasa mtoto kwa nywele au mwili na kumshikilia chini. Na radi ikisikika, wote watoke majini na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Masika ya Tabora yana radi nyingi.

Nyuki wanajaa ukingoni mwa bwawa kila Agosti. Tufanye nini?

Tabora ni nchi ya asali, na kiangazi nyuki hutafuta maji kama sisi. Wawekee maji yao kabla hawajazoea yako: beseni pana lenye mawe ya kutua, upande wa mbali wa kiwanja, lisilokauka hata siku moja. Wakishazoea bwawa, kuwahamisha ni kazi ya wiki nyingi. Wasipuliziwe dawa, mwite mfugaji nyuki kama wameanza kuweka mzinga.

Je, bwawa litaleta malaria?

Bwawa lenye klorini na maji yanayozunguka halizalishi mbu. Bwawa lililotelekezwa, lenye maji ya kijani, huwazalisha, na maji yanayotuama juu ya turubai vilevile. Katika mkoa wenye malaria kama wetu, mtu asiyeweza kulihudumia bwawa lake kwa miezi kadhaa anapaswa kumlipa mtu wa kulihudumia.

Nataka kumwaga maji yote ili nisafishe. Kuna hatari?

Kiangazi, hatari ni ndogo. Masika, ni kubwa sana. Maji ya ardhini yakiwa juu, bwawa tupu husukumwa kwenda juu mfano wa mtumbwi, na sakafu huinuka na kupasuka. Vali ya kupunguza msukumo, inayowekwa sakafuni wakati wa ujenzi, husaidia, lakini mwenye kiwanja cha bondeni asimwage bwawa lake kati ya Desemba na Mei. Ukidhani bwawa linavuja, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yakiwa usawa mmoja, na upime baada ya saa 24. Maji ya bwawa yakishuka zaidi ya yale ya ndoo, bwawa linavuja. Yakilingana, ni jua tu.

Bwawa limekamilika. Familia iingie lini?

Jaza bila kusimama hadi katikati ya kisanduku cha ukutani kinachonyonya majani, washa pampu kwa saa 24, kisha urekebishe pH kwanza na klorini baadaye. Siku za mwanzo saruji mpya hupandisha pH, hivyo pima kila asubuhi kwa wiki mbili. Watu waingie vipimo vyote viwili vikiwa sawa, na wakati mtu aliyesimama ukingoni anaweza kuviona waziwazi vifuniko viwili vya sakafuni na kuhesabu skurubu zake.